Bastola Mbili na Barua Niliyonyimwa

Kuna siku moja ya Nakuru ambayo hunijia nikiwa nimekaa hapa kibarazani kwangu Macquarie Fields, Sydney, hasa majira kama haya, maua ya zambarau ya mijakaranda yanapodondoka barabarani na mtaa mzima unakuwa kama umelala macho wazi. Nakuru nako mijakaranda ilichanua miezi kama hii. Nikifumba macho kidogo sijui niko wapi, na kwa umri wangu sioni haraka ya kujua.

Mwanangu, mtoto wa ndugu yangu, Jumapili ulinipigia simu ukaniambia visa ya kuja huku imetoka. Kisha ukashusha sauti ukaniuliza: kati ya bastola zako mbili za leseni, uje na ipi? Nilikwambia nipe siku chache. Si kwamba jibu sikuwa nalo. Swali hilo niliwahi kuliuliza mimi mwenyewe, karibu kwa maneno hayo hayo, na aliyenijibu alinikemea hadi masikio yakawaka.

Nilikuwa na miaka thelathini na minne, mwenye duka la vipuri vya magari. Majambazi walikuwa wamenivamia adhuhuri, jua la utosi, wakanifunga kamba nyuma ya kaunta yangu mwenyewe na kunikanyaga shingo. Nilipopona niliomba leseni, nikapewa, nikanunua bastola ndogo nyepesi. Baadaye nikaongeza ya pili, kubwa, nzito mkononi kama tofali. Nilitembea na silaha kiunoni miaka sita. Nilikwenda nayo sokoni, nikaenda nayo harusini, na Mungu anisamehe, nilikuwa nayo kanisani siku tuliyombatiza binti yangu Neema.

Mke wangu, Nafula, alikuwa muuguzi. Alipata kazi huku Sydney akatangulia na mtoto, nami nikabaki kuuza duka. Miezi minane nyumba ikawa kimya. Jioni nilitandaza kitambaa mezani, nikazipanga zile bastola mbili, nikazipangusa kwa mafuta na kuwaza. Ile ndogo itafichika vizuri chini ya koti. Ile kubwa inatisha hata kabla hujaitumia. Niliwaza hivyo mpaka chai ikapoa, kama mtu anayechagua ndoto ya kulala nayo.

Nafula nilimwambia kwenye simu kwamba nataka kuja na moja.

"Baba Neema," akasema, "huku ukiwaambia unataka bastola ya kujilinda, hiyo si sababu kwao. Labda wale wa kulenga shabaha kwenye vilabu, na hao nao wana leseni za huku na masharti yake."

"Basi mimi ni mlenga shabaha," nikamwambia.

"Tangu lini?"

Nikageukia habari za mtoto. Tayari nilikuwa nimeshapata akili ya kijinga. Nje ya mji kulikuwa na uwanja wa shabaha ambako nilifundishwa kushika silaha, na msimamizi wake alikuwa Mzee Onyango, askari mstaafu, mwembamba, mwenye sauti ya chini. Nilikuwa nimefika pale mara nne tu maishani. Nikapanga aniandikie barua ya kuthibitisha kwamba mimi ni mshindani wa miaka mingi.

Nilimkuta asubuhi anaokota maganda ya risasi kwenye nyasi zenye umande. Nikazitoa zile bastola, nikaziweka mezani, nikaanza kwa kumwomba ushauri: Mzee, niende na ipi?

Alizitazama bila kuzigusa. "Huko uendako, umepanga kumpiga nani?"

"Simpigi mtu, Mzee."

"Kwa hiyo unataka nikuchagulie bastola ya kumpigia asiye mtu."

Nikacheka. Yeye hakucheka. Nikaona nimalize jambo langu, nikamweleza habari ya barua. Mwanangu, nimekemewa na wengi, lakini sijapata kukemewa kwa upole ule. Alivuta kiti akakaa, akaniashiria nami nikae.

"Kijana, mimi silaha nimeishi nazo muda mrefu kuliko ulivyoishi na mkeo, kwa hiyo usidhani nazichukia. Lakini mkeo amekwenda mbele peke yake, amebisha hodi kwa watu wasiomjua, wamemfungulia. Wewe unataka kumfuata ukiwa na uongo kibindoni. Siku utakapogunduliwa, watamfukuza nani? Wewe tu? Na mtoto?"

"Naogopa, Mzee." Neno lile lilinitoka lenyewe. Sikuwa nimelitamka tangu siku ile ya kamba.

"Najua. Nilikuona tangu siku ya kwanza unavyoshika. Ungekuja kuniambia hivyo miaka sita iliyopita, tungezungumza. Barua siandiki. Ukienda kwa wenye chongo, fumba lako jicho."

Nilirudi mjini nimemkasirikia. Hasira ilidumu siku tatu. Siku ya nne nilizipeleka bastola zote mbili polisi pamoja na leseni yangu, nikasaini, nikapewa karatasi. Nilipotoka nilihisi baridi upande wa kulia wa mwili, na nilikwenda polepole kama mgonjwa aliyetolewa hospitali mapema.

Sitakudanganya kwamba nilifika huku nikapona. Miezi ya kwanza nilifanya kazi ghala moja kule Ingleburn, na kila mtu akipita nyuma yangu mkono ulijiendea wenyewe kiunoni. Nilikuwa nahesabu milango. Nafula alikuwa akiniona.

Alasiri moja nilikuwa peke yangu nyumbani, nimesinzia kwenye kochi. Mawingu yalishuka, nyumba ikawa giza la kijivu, na katika usingizi ule mwepesi nikasikia kishindo uani. Nikachungulia dirishani. Mtu mkubwa aliyejifunika kofia ya koti alikuwa ameruka ua, anahangaika huku na huku. Mkono ukashuka kiunoni, haukukuta kitu. Nilisimama pale, mwanangu, na kwa kuwa sikuwa na lingine la kutumia, nilifungua mlango nikatumia mdomo.

"Wewe ni nani?"

Aligeuka. Mikononi alikuwa amekumbatia shuka zetu, sare za kazi za Nafula na gauni la shule la binti yangu.

"Papa, pole," akasema kwa Kiswahili cha Kongo. "Mvula inakuya, nikaona manguo yenu iko inje. Niligonga mlango, hamukusikia."

Mvua ikapasuka pale pale. Nilimvuta ndani. Alikuwa jirani wa nyumba ya nyuma, Papa Kalonji, mwezi wa pili tangu ahamie. Nilichemsha chai, tukanywa tukiitazama mvua. Sikumweleza siku ile mkono wangu ulitafuta nini kiunoni. Nilimweleza baada ya miaka, naye akaomba kikombe kingine. Ndiye aliyesimamia harusi ya Neema mwaka juzi.

Mara nyingi nimeiona alasiri ile usingizini, na katika ndoto mkono unakuta kitu. Huamka nikamgusa Nafula begani nipate kujua ni upande upi wa maisha nilioamkia.

Basi jibu lako ni hili. Usije na ile ndogo, usije na ile kubwa. Zikabidhi huko kwa utaratibu wa sheria, na karatasi yake uitunze. Fomu ya uhamiaji uijaze kweli tupu, hata pale ambapo uongo mdogo ungekupunguzia safari, kwani njia ya mwongo ni fupi na mwisho wake wanaanguka hata wasiodanganya. Ukiwa na hofu, nayo najua unayo, niambie mimi, au mwambie mkeo, ukiitaja hofu hiyo kwa jina lake hasa. Na ukifika, kabla hujajua bei ya mkate, jua jina la jirani wa kulia, wa kushoto na wa nyuma.

Nenda ukaage watu wako vizuri. Mola akupitishe salama angani na ardhini, akupe usingizi mzito katika nchi ngeni, na watoto wako wakujue kwa kicheko chako. Amina, mwanangu.