Toba Niliyoilazimisha

Kwa miaka kumi na mmoja nilikuwa mwenyekiti wa ushirika wa uamsho katika dayosisi yetu ya Kianglikana, na kwa miaka yote hiyo hakuna aliyeniomba msamaha nikamnyima. Nilikuwa nikilitaja hilo kama sifa. Siku hizi nikilifikiria naona sababu ilikuwa ndogo tu: hakuna aliyethubutu kunikosea. Nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi Makambako, mkali, mwenye sauti kubwa, na nilipookoka ule ukali sikuutua. Nilihama nao.

Sisi wa ushirika hatukuwa mapadri. Tulikuwa walei: walimu, wakulima wa viazi, mafundi, wauza mbao, akina mama wa nyumbani. Kanisa letu upande huu ni la misa na ubani. Mtu akilemewa na dhambi huenda kwa padri, hupiga magoti, husema, huondolewa, na habari huishia hapo. Kwetu hiyo haikutosha. Tulitaka dhambi iletwe nuruni, yaani isemwe kwa sauti mbele ya ndugu wote, siku ya Alhamisi, mtu akiwa amesimama. Akimaliza, mwenyekiti huanzisha wimbo wa kusifu, watu wote huinuka, hupeana naye mikono, na anarudi kukaa akiwa mwepesi. Mwenyekiti asipoanzisha wimbo, maana yake toba haijafika. Basi utarudi nayo wiki ijayo, na nyingine, na katika muda huo huombi kwa sauti, hushuhudii, huongozi chochote. Hali hiyo tuliiita kungoja.

Sitaki kuuchafua ushirika wote kwa sababu yangu. Nimeona ndugu wawili wa tumbo moja, waliokuwa hawajasalimiana tangu baba yao azikwe, wakiinuka pande mbili za ukumbi na kukutana katikati. Nimeona mlevi wa ulanzi akiacha na kubaki ameacha. Mambo hayo yalikuwa kweli, na ndiyo yaliyonilevya mimi. Mtu akishaona watu wakibadilika mbele yake, ni rahisi aanze kudhani yeye ndiye anayewabadilisha.

Kulikuwa na mama mmoja wa Njombe mjini, mjane, fundi cherehani, aliyenizidi kama miaka kumi na mitano. Nilipookoka nilikuwa sijui kuomba ila kwa kitabu. Ni yeye aliyekaa nami kwenye benchi akanionyesha kwamba naweza kumwambia Mungu jambo langu kwa maneno yangu, hata yakiwa na makosa. Nilimwita Mama. Yeye aliniita Mwalimu, na siku nikijisifu sana aliniita Mheshimiwa, watu wakacheka, nami nikacheka kwa shingo upande. Alikuwa na mtoto mmoja wa kiume, dereva wa lori, aliyekaa Makambako na mke wake na watoto wawili. Mkamwana huyo aliuza vitenge sokoni. Kila mwisho wa mwezi aliwapeleka watoto Njombe kwa bibi yao, na wale wanawake wawili walielewana hadi majirani wakawa wanawaonea wivu.

Alhamisi moja ya msimu wa baridi, tukiwa ukumbini Njombe na makoti yetu, Mama alisimama. Alisema kwamba zamani alikuwa na jambo baya moyoni juu ya mtu wa nyumbani kwake, ametubu, na anaomba tumwombee. Kisha akanitazama, akingoja wimbo.

Ningeanzisha tu. Wimbo wenyewe ulikuwa mdomoni. Badala yake nikamuuliza ni jambo gani. Akajibu kwamba hilo alishalisema mbele ya Mungu, na mbele ya padri. Neno padri lilinichoma. Nilimwambia padri ni padri na ushirika ni ushirika, na kama limekwisha kweli, anaogopa nini kulitaja? Alikaa. Sikuimba, na hakuna aliyeimba.

Akangoja wiki sita. Alikuja kila Alhamisi, akakaa benchi la nyuma na kikapu chake cha vitambaa, akasikiliza wengine wakiomba. Siku moja padri alinishika mkono kwenye ngazi za kanisa, akaniambia nimwache yule mama, mambo yake yamekwisha. Zaidi ya hapo hakuweza kusema, na mimi nilijua kwa nini hawezi: siri ya kitubio haitolewi. Hata hivyo niliwahadithia wenzangu kwa kicheko kwamba padri anataka kutuimbia tulale.

Haraka yangu ilikuwa na sababu, na inanitia aibu. Mkutano wa dayosisi nzima ulikuwa unakaribia, Makambako, na mwaka hadi mwaka ni Mama aliyeongoza maombi ya wanawake. Nilitaka aongoze. Nilitaka pia ionekane kwamba chini yangu hata wakubwa wanapita njia ile ile. Nikaenda kwake nikamwambia kwa upole kwamba asipomaliza Alhamisi hiyo itabidi tumtafute mwingine. Upole wangu wa siku zile ulikuwa mbaya kuliko ukali wangu.

Alhamisi akasimama. Hakutazama watu, alitazama mlango.

"Mke wa mwanangu alipoharibikiwa ile mimba ya kwanza," alisema, "mimi nilifurahi. Nilikuwa simtaki. Nilikaa jikoni nikafurahi. Halafu nikajifunga khanga nikaenda kumpa pole."

Tulikuwa kama watu arobaini. Kisha nikaanzisha wimbo, na nilianzisha kwa nguvu ambayo sijawahi kuimbia maishani. Machozi yalinitoka. Niliamini nimeona moyo wa mtu ukifunguka hadi chini, na kwamba uamsho wenyewe ndio huo. Tulishikana naye mikono mmoja mmoja. Wa kwake ulikuwa umelegea, kama wa mtu anayepokea rambirambi.

Jumamosi, kwenye mkutano, aliongoza maombi ya wanawake kwa sauti ndogo. Mimi nilipopewa nafasi jukwaani nilishuhudia matendo makuu ya Bwana. Sikutaja jina. Nilisema mama mmoja wa Njombe, mzee katika imani, aliyefurahia mimba ya mkamwana wake kuharibika, na jinsi Bwana alivyomweka huru. Nilidhani kutotaja jina ni busara. Lakini nilikuwa nasema hayo Makambako, kwenye kipaza sauti, hatua chache kutoka soko ambako mkamwana mwenyewe alikuwa ametandaza vitenge vyake. Waliokuwapo ukumbini Alhamisi walijazia walichokosa wengine.

Jumatatu mteja mmoja, akichagua kitambaa, alimpa mkamwana pole. Yeye akauliza pole ya nini.

Hakupiga kelele, walionisimulia walisema hivyo wote. Alimpigia mama mkwe simu hapo hapo mezani, akamuuliza kama ni kweli. Mama hakujua kusema uongo. Mkamwana akakunja vitenge, na kabla mwezi haujaisha alikuwa amewachukua watoto wakaenda kwao, Ludewa. Mume alimfuata mara mbili, akarudi peke yake mara mbili. Sasa huwaona watoto anapopata mzigo wa kuelekea huko. Kwa mama yake hafiki tena. Alituma ujumbe tu, kwamba miaka yote alikuwa anamshukuru Mungu kwa jinsi mama alivyowatunza wakati wa ule msiba.

Mama akaacha kuja Alhamisi. Jumapili alikuja misa ya kwanza, akakaa karibu na mlango, akatoka kabla ya baraka. Na mimi, mbele ya kamati, nikasema amerudi nyuma. Wakaandika hivyo kwenye kitabu. Mwaka uliofuata wakanichagua tena.

Miaka mitatu ilipita. Natamani ningesema kwamba Roho alinisemesha nikiwa katika maombi, ingekuwa hadithi nzuri ya kusimulia Alhamisi. Aliyenisemesha ni mke wangu, tukimenya viazi. Nilikuwa namlalamikia ndugu mmoja ambaye toba yake haikunyooka. Akaniuliza, bila hata kuinua macho, ni lini mimi nilisimama pale nikasema lile la mwalimu mwenzangu. Alilijua kama nilivyolijua mimi. Nilipopewa ukuu wa shule alioutegemea mwenzangu yule, akahamishwa mbali, na baadaye tukasikia amefariki huko huko. Lakini kabla ya kifo zilikuja habari kwamba anaugua tu, na siku ile nilifurahi. Katika miaka yangu yote ya uenyekiti nilikuwa nimetubu hasira, majivuno, na kusinzia katika maombi. Dhambi zinazompamba mtu. Lile sikuwahi kulitaja mbele ya yeyote, isipokuwa yeye, na hata kwake lilinitoka kwa bahati mbaya.

Kiazi nilichokuwa nacho mkononi nilikimenya hadi kikaisha.

Kesho yake nilipanda pikipiki kwenda Njombe. Nilipofika Kichiwa, katikati ya safari, nilipigwa na mvua, nikasimama kwenye kibanda cha muuza parachichi, na nakiri nilitamani isikatike. Nilimkuta Mama barazani akishona sketi za shule. Alikuwa amekonda. "Kamwene, Mwalimu," alinisalimu kwa Kibena, kama vile nilikuwa nimepita juzi, akanisogezea kiti.

Nilimwambia nilichokuja kumwambia. Sikukipanga vizuri, kilitoka vipande vipande. Nilimwomba msamaha kwa ile Alhamisi, kwa jukwaa la Makambako, kwa wajukuu zake. Kisha nikamwambia la mwalimu mwenzangu. Alisimamisha cherehani nilipofika hapo, akasikiliza hadi mwisho, na akanipa pole. Nilikuwa nimejiandaa kwa mambo mengi, lakini si kwa pole.

Nikamwambia nitasimama Alhamisi ijayo niyaseme yote mbele ya ushirika, nijishushe, nimsafishe.

"Utasemaje?" aliuliza.

Nikasema nitasema nilivyomkosea.

"Ulivyonikosea katika jambo gani? Si itabidi uwakumbushe." Alipitisha uzi kwenye tundu la sindano bila miwani, jambo lililonishangaza hata wakati ule. "Yule binti yuko Ludewa anauza vitenge. Kuna watu wa huko kwenye ushirika wako. Mwache apumzike."

Njia moja niliyoijua ya kutoka katika dhambi ndiyo hiyo, na ningeifuata ningemkanyaga tena. Wiki ile nilikwenda kwa padri, kwa mara ya kwanza katika miaka mingi, nikapiga magoti. Uenyekiti niliuacha nikisema ni afya. Ndiyo maana na haya ninayaandika bila jina la mtu, ingawa najua mara ya kwanza pia nilijisifu kwa kutotaja jina. Nilimsomea Mama kwanza, mwaka huu. Alikubali, akanitaka nibadilishe mambo mawili yanayomtambulisha mkamwana, nami nimeyabadilisha.

Lakini siku ile ya sketi, niliposimama kuondoka, nilifanya tunachofanya sote katika nyumba ya ndugu. Nilivua kofia nikamwomba atuombee kabla sijashika barabara.

Alinitazama bila hasira yoyote.

"Nimekusamehe, Mwalimu, tena zamani," alisema. "Ila kuomba siombi tena. Nikifumba macho nasikia mnanisikiliza."