Ngazi ya Rembert

Wateja wa Editha Sumaculub walimjua kwa mapazia aliyoshona. Wasichojua wengi ni kwamba akiweka mkasi chini, mjane huyu wa makamo alivuka barabara hadi duka la kompyuta la Rembert, akakaa katikati ya vijana wanaofokeana, akajenga vyombo vya anga kwenye skrini.

Ulikuwa mchezo wa kompyuta uliowateka wote pale mtaani kwao, mjini Iloilo. Vijana waligombania mizinga na injini. Editha alishughulika na mahali watu watakapolala.

Alikuwa na sababu. Mumewe, Nestor, alikuwa baharia wa meli za mizigo, na kila alipopiga simu alilalamika kuwa chumba chake hakina dirisha na injini inanguruma chini ya mto wake. Akafia humo humo, usingizini. Basi katika chombo chake cha kwanza Editha aliweka dirisha juu ya kila kitanda, rafu ya sanamu ya mtakatifu, na jiko la kupigia soga wali ukiiva. Chumba kimoja chenye pazia la kijani alikiita cha Nestor.

Rembert akakichukua chombo kile, akakiingiza kwenye mashindano ya sikukuu ya mtaa kwa jina lake mwenyewe, akashinda. Chumba cha Nestor akakiandika stoo.

"Dada Editha, nawe! Mchezo tu huo," alicheka alipoulizwa. "Kompyuta za nani? Zangu. Basi na vilivyomo vyangu."

Editha alimchukia. Alimchukia kila alipokata kitambaa, na mwaka mzima hakupoa. Sikukuu ilipokaribia tena, akaenda na tabasamu.

"Nikujengee kingine? Kikubwa zaidi?"

"Dada yangu wa pekee! Jenga, jenga!"

Akajenga, kikapendeza kweli. Ila ngazi, ambayo kila mtu pale huhesabu vidato vyake dhahabu, fedha, kifo, tena na tena, ili cha mwisho kiangukie dhahabu na nyumba iwe na bahati, yeye cha mwisho alikiangushia kifo. Milango aliipanga ikitazamana, riziki iingie huku itokee kule. Kitanda cha nahodha, na nahodha alikuwa Rembert, alikielekeza miguu mlangoni, jinsi maiti anavyotolewa.

Rembert alikagua mizinga, akakagua injini, akaandika jina lake. Vyumbani hakutia mguu. Vyumba, alisema, ni mambo ya wanawake.

Siku ya sikukuu chombo kilioneshwa kwenye skrini kubwa, uwanja wa mpira wa kikapu ukiwa umefurika. Mshereheshaji akaanza kuipanda ngazi ya chombo humo kwenye skrini, na akina mama, bila kuambiwa, wakaanza kuhesabu.

"Dhahabu... fedha... kifo... dhahabu... fedha... kifo!"

Ngazi ikaishia hapo.

"Yesu na Maria!" mtu akapiga kelele. Kisha wakaiona milango. Kisha kitanda.

Mama yake Rembert, Bi Conching, akasimama. "We Rembert! Umejitandikia kitanda cha maiti? Kwani ulilelewa na mbuzi?"

Uwanja ukaangua kicheko.

"Mama, si mimi! Vyumba vyote kajenga Dada Editha!"

Editha akainuka. Maneno hayo ndiyo aliyoyangoja mwaka mzima.

"Vyote?"

"Vyote!"

"Hata vya mwaka jana, vile vya madirisha?"

Rembert akaanza kurudi nyuma. Bi Conching akamshika sikio. "Si unaulizwa? Jibu!"

"Hata vile," akasema.

Editha akamgeukia mshereheshaji. "Basi badilisha jina la mshindi wa mwaka jana. Na kile chumba cha pazia la kijani si stoo. Ni cha mume wangu."

Hapo hakucheka mtu. Roho ya Editha ikatulia, lakini si yote.

Watu walipokuwa wakitawanyika, Rembert akamfuata, sikio bado jekundu. "Dada, nisamehe. Hiki cha leo nirekebishie ngazi tu, na kile kitanda. Mama hatapata usingizi."

"Chako hicho," Editha akamwambia. "Si umeandika jina lako? Kalale."