Taa ya Rangi ya Chungwa

Jiwe la kwanza lilimpata mume wangu jichoni akiwa bado amekalia kiti cha trekta. La pili sikuliona, nilisikia tu mlio wake kwenye bati la mashine. Kisha wakamvuta miguu, kichwa kikagonga ardhi, na mipini ya majembe ikaanza kazi.

"Mwizi! Ameuzisha mazutu yetu kwa batu ya mitumbwi ya Ubwari!"

Hakuwa mwizi. Hebu niseme ilivyokuwa, maana wengi waliopiga hawajui hadi leo walikuwa wanapigia nini.

Koperative yetu ya mashamba, nje kidogo ya mji wa Baraka, kando ya ziwa, ilikuwa na trekta ndogo mbili, rangi moja, umbo moja, ungedhani ni mapacha. Dizeli kwetu ni mazutu, na ile ya zamani ilikunywa mazutu yoyote, hata yale machafu ya mwisho wa bidoni, ikatapika moshi mweusi na kuendelea kulima. Ya pili ni toleo jipya, lililoundwa baada ya nchi zinazotengeneza mashine hizo kukaza sheria za moshi. Ndani ya bomba lake kuna kichujio kinachonasa masizi. Kikijaa, taa ya rangi ya chungwa inawaka na injini inaongeza joto yenyewe ili kuyachoma. Hapo haizimwi, hata kama imesimama. Ukiikatiza kila mara, masizi yanaziba, na siku moja inakataa kabisa.

Fundi aliyeileta alimweleza mume wangu, naye akamweleza rais wa koperative, ambaye ni mjomba wangu, tumbo moja na mama. Lakini kwetu injini inayonguruma bila kulima ni dhambi. Mazutu yanavuka ziwa, hayaokotwi. Kila taa ilipowaka, mjomba alikuja mbio shambani.

"Mukwe, zima hiyo mashine!"

"Taa bado inawaka, mukwe. Tuvumilie kidogo."

"Inasimama bure na inakula mazutu? Zima, nimesema!"

Mume wangu alizima. Mjomba wa mke hapingwi. Laana yake inafika hadi kwenye kizazi, mkakosa watoto.

Mvua zikakaribia. Trekta ya zamani ilikuwa imekatika ekseli, na ile mpya ikagoma katikati ya shamba, mbele ya watu wote waliokuwa wakingoja zamu. Mmoja akasema mazutu yameuzwa, yakachanganywa na maji. Hakuna aliyengoja wa pili aseme.

Nilipomfikia kutoka ukingoni mwa shamba, walikuwa wanamkanyaga. Nilimvuta mtu shati, nikapigwa kiwiko cha mdomo, nikatema jino. Mume wangu alikuwa amefunika kichwa kwa mikono miwili na vidole vyake vinapondwa. Wangemuua, sina shaka hata leo. Na mjomba alikuwa amesimama kando, ametulia kama maji mtungini. Ufunguo wa depo ya mazutu ulikuwa mfukoni mwake, na yeye ndiye aliyepima kila bidoni. Alijua halikupotea hata tone. Neno lake moja lingetosha.

Niliokota panga la mtu, nikamkamata mjomba kola, nikaweka makali shingoni.

"Sema, muyomba! Sema ni nani alikuwa anamwambia azime!"

"Mutoto wangu, acha..."

Nikakandamiza. Damu ikatoka, ikaingia kwenye shati lake.

"Ni mi!" akapiga kelele. "Mazutu iko yote! Ni mi nilimwambia azime! Mumwache!"

Mipini ikashuka. Ghafla kila mtu akawa na shughuli nyumbani. Tulimpakia mume wangu kwenye pikipiki, tukamfunga kwa kitenge mgongoni mwa dereva, nami nikakaa nyuma nikimkumbatia hadi hospitali. Alipona. Jicho halikupona.

Ukoo ulipoketi nilidhani tunakwenda kuwahukumu waliompiga. Wapi! Kesi ilikuwa yangu: mpwa aliyemwinulia mjomba panga. Nikaambiwa nipige magoti. Nilikataa, mpaka mume wangu, kitambaa kikiwa bado kichwani, akaninong'oneza:

"Mama, piga tu magoti. Tunataka bado batoto."

Nikapiga magoti, nikasema maneno yote ya kuomba radhi, taratibu, kama mpwa mwema. Mjomba akaniwekea mkono kichwani, watu wakapiga makofi. Nilipoinua macho nililiona kovu shingoni mwake. Lilikuwa dogo, na niliona aibu kwamba halikuwa kubwa zaidi.