Jozi Saba za Wanaume Wasiokuwepo

Enzi zetu pale Rågsved, kwenye maghorofa ya Waswidi, ninyi mliokulia huko mtakumbuka, mwizi hakuhitaji kusubiri usiku. Kuanzia Novemba, saa tisa alasiri giza limeshatanda, watoto tunatoka shule na funguo shingoni kwenye uzi wa sufu, na wazazi wako kazini wanawaogesha wazee wa watu. Waswidi walikuwa na dawa yao: kila dirisha taa ya nyota ya karatasi, inawaka mpaka Januari. Mama yangu alizitazama akasema wanammulikia mwizi asijikwae.

Mama alikuja kusomea uuguzi, na alikuja na ulinzi wake kutoka Tanga. Kwao, nyumba yenye viatu vingi mlangoni ni nyumba yenye watu, na mwizi mwenye akili hupita. Basi akakusanya viatu vya wanaume: vingine vikuukuu vya kuuzwa kanisani, vingine vya wanafunzi waliorudi nyumbani, na jozi moja ya kahawia ya baba, aliyekwenda Tanga likizo ya mwezi mmoja na likizo ikaingia mwaka wa pili. Jozi saba, zimepangwa ngazini nje ya mlango wetu. Kazi yangu, kabla sijaingia ndani, ilikuwa kuzinyunyizia theluji ili zionekane zimetoka kutembea sasa hivi. Nilikuwa na miaka minane, na kazi hiyo niliifanya kwa bidii kuliko hesabu za shule.

Ndani kulikuwa na silaha ya pili. Mjomba Kizito, mkimbizi kutoka Uganda na rafiki wa mama, alikuwa amerekodiwa kwenye kanda akikohoa, akibishana siasa peke yake, kisha akikohoa tena. Nikifika tu, nawasha kaseti. Mama alikuwa na amri tatu: usifungue mlango, ukiulizwa, sema baba amelala, na usicheke.

Sasa jirani yetu wa mlango wa pili, bibi mjane tuliyemwita Tant Elsa, yaani shangazi kwa Kiswidi, alivihesabu vile viatu wiki nzima, na kikohozi akakisikiliza. Akawaandikia wenye nyumba kwamba katika chumba na sebule wanaishi wanaume saba, na mmoja wao kifua kinamsumbua.

Alasiri moja mkaguzi wao akabisha. Alifunua kile kidirisha cha barua mlangoni, nikaona masharubu. Aliuliza kama baba yupo. Nikasema amelala. Na wengine je? Nikaona nisimwangushe mama, nikamwambia wote saba wamelala, wamechoka sana. Mjomba Kizito naye akakohoa pale pale. Sikucheka.

Barua ikaja: tufike ofisini tujieleze, la sivyo tuhame kabla ya mwisho wa mwezi. Na mwezi wenyewe ni Desemba, wenzangu. Nyumba tuliyoilinda kwa viatu sasa ilikuwa inatuponyoka kwa sababu ya viatu hivyo hivyo. Mjomba Kizito alimshauri mama aongeze uongo, aseme ni wanakwaya wanaofanya mazoezi kwetu. Mama alikataa.

Alivitia viatu vyote kwenye mifuko miwili, tukapanda treni. Kiswidi chake cha hospitali kilijua homa na choo, mikataba hakikuijua, kwa hiyo mkalimani nilikuwa mimi. Mwenye masharubu alikuwa nyuma ya meza. Mama akavipanga viatu sakafuni, jozi baada ya jozi, kisha akaniambia polepole:

"Mwambie viatu hivi havina wenyewe. Mwambie hakuna mwanamume nyumbani kwetu. Tuko wawili tu."

Nikamwuliza, "Na baba akirudi?"

"Mwambie wawili, mwanangu."

Nikamwambia. Kiswidi changu kilikuwa kizuri, lakini nililia kabla sijamaliza. Ndivyo nilivyopata habari za baba yangu, nikiwa nazitafsiri mwenyewe, na iliniuma kwa miaka mingi. Yule bwana akaandika kwenye karatasi yake: watu wawili. Nyumba ikabaki yetu.

Tulidhani sasa wezi watapanga foleni, maana habari zilipanda na kushuka ngazi zote. Aliyekuja ni Tant Elsa, uso mwekundu kwa haya, ameshika sahani ya mikate ya zafarani. Tangu siku hiyo, kila saa tisa nilimkuta kaacha mlango wake wazi ananingoja, nikakaa kwake nikila na kuibiwa kwenye karata mpaka mama arudi. Mama hakumsamehe upesi. Krismasi alimpelekea pilau, na pilipili aliizidisha makusudi.

Siku hizi binti yangu anaishi Akalla, upande wa pili wa jiji, na mlango wake una kamera na kufuli linalofunguliwa kwa simu. Akiwa kazini simu inalia, anachungulia kwa wasiwasi, kumbe ni jirani anapita na mbwa. Nikimsimulia habari za viatu anacheka mpaka machozi, ananijibu kwa Kiswidi kwamba mama yangu alikuwa kichaa. Huenda. Juzi nikamwuliza yule mwenye mbwa anaitwa nani. Amekuwa akimwona kwenye simu kila siku, mwaka wa sita huu. Hajui.