Koo la Fundi Makochi

Baba yangu ni fundi wa makochi. Kwa miaka arobaini mtaa umemwita Fundi Makochi, hata mama naye alishazoea kumwita hivyo. Chakula alikila amesimama mlangoni mwa karakana, matonge matatu manne, kisha huyo, karudi kwenye nyundo. Mama alikuwa akimwambia, "Wewe huli, unapakia mzigo." Hakuna aliyewahi kufikiria habari ya kumeza. Nani hufikiria kumeza?

Kiharusi kilimkuta katikati ya sponji na vitambaa. Kilichukua mkono wa kulia na nusu ya mdomo. Siku ya kwanza wodini mama alimwonea huruma akampa maji kwa kijiko, maana kama mtu hawezi kula, si ataanza na maji? Baba alikohoa mpaka macho yakamtoka. Siku tatu baadaye tukaambiwa ana nimonia. Wakampitishia mpira wa chakula puani, na mama akawa anajilaumu kila akiona glasi.

Aliyetueleza kosa letu ni binti mmoja mwembamba, mtaalamu wa mambo ya kumeza. Mama alimbatiza Dada wa Koo. Nilikuwa na hasira na hospitali nzima, lakini yule binti nilimsikiliza. Alisema kooni kuna njia panda: mbele njia ya hewa, nyuma njia ya chakula. Ulimi unasukuma tonge nyuma, kaakaa laini linapanda kuziba pua, koo linanyanyuka, na kifuniko kidogo kinalala juu ya njia ya hewa. Pumzi inasimama kidogo. Tonge likishapita, misuli inalikamua kwenda chini, hata kama umelala.

"Yote hayo ya kooni ni kwa sekunde moja tu," alisema. "Sasa maji yana mbio, mama. Kifuniko cha mzee kinachelewa, maji yanakitangulia. Kitu kizito kidogo kinakisubiri."

Usiku ule nilikula polepole sana, nikijisikiliza. Nilimeza mara mia na sikuelewa nimewezaje.

Jaribio likapangwa Ijumaa. Baba akimeza salama, ataanza kula. Akishindwa, watamtoboa tumbo wapitishie mpira huko, pengine kwa maisha yake yote. Baba alielewa kila neno. Aligeukia ukutani, na bega lake la kushoto likawa linatikisika.

Ijumaa Dada wa Koo alimkalisha wima, akamtilia mdomoni kijiko cha viazi vilivyopondwa laini. Vidole viwili akaviweka shingoni, penye kifundo cha koo.

"Meza, mzee."

Shavu limetuna, midomo imebanwa. Kifundo cha koo hakikupanda.

"Jitahidi, mzee wangu. Meza."

Baba alimtazama tu, mtulivu kabisa. Mama akaanza kusali chini kwa chini. Dakika ikapita. Dada wa Koo akashusha pumzi, akachukua kalamu kwa mkono wa pili, akaanza kuandika kwenye faili. Nilitaka kuipokonya ile kalamu niivunje.

Ndipo nilipoitazama vizuri midomo ya baba. Midomo ile naijua. Fundi wa makochi hana mkono wa tatu, kwa hiyo misumari yake midogo anaiweka mdomoni, konzi nzima, anaitoa mmoja mmoja kwa ncha ya ulimi huku mkono mmoja umevuta kitambaa na mwingine una nyundo. Nimekaa kwenye benchi lake miaka sita. Somo la kwanza alilonipa halikuwa la nyundo. Lilikuwa hili: kukiwa na kitu mdomoni, hata mate usimeze mpaka kazi iishe. Nami mpaka leo nikipewa pipi nakaa nayo shavuni kama mjinga. Mazoea yana taabu.

"Dada, subiri kidogo," nilisema. "Hajashindwa. Anashikilia."

"Anashikilia nini?"

Nilimwinamia baba, nikamwambia kwa sauti ya karakana, ile ya kushinda kelele za barabarani: "Baba, tumemaliza. Kochi limekwisha."

Alinikazia macho. Midomo ikalegea. Kisha kile kifundo kikapanda, kikashuka. Kikapanda tena. Hakukohoa.

Mama alijiziba mdomo kwa kanga. Dada wa Koo hakuondoa vidole. "Bado," alininong'oneza, "lazima nisikie sauti yake. Ikiwa na majimaji, chakula kimepotea njia." Akapaza sauti: "Mzee, sema aaa."

Baba alifikiri. Siku kumi na nne hakuwa ametamka neno.

"Kochi la nani?" aliuliza.

Ilikuwa sauti nzito, ya kukwaruza, imepinda upande mmoja, lakini kavu kabisa. Dada wa Koo akakata mstari juu ya alichoandika, akampa mama kijiko.

"La kwetu," mama alimjibu huku analia, akachota viazi. "Haya, achama."