Hesabu za Ng'ambo ya Mpaka

Mimi ni mwalimu wa shule ya serikali mjini Koboko, Uganda, na nikisikia watu wakilinganisha shule za nchi moja na za nchi nyingine, damu inanichemka kabla hawajamaliza kusema. Hapa kwetu ubishi huo hauishi. Kongo iko pale, Sudan Kusini iko pale, na sokoni kila muuza vitunguu ana hakika ni shule zipi zinafundisha na zipi zinawapotezea watoto muda. Wengi husema za Uganda ndizo bora, na ushahidi wao ni watoto wanaovuka mpaka kila muhula kuja kusoma kwetu. Nami nilikuwa nikisema hivyohivyo, tena kwa sauti kubwa. Nilizaliwa Mvara, hukuhuku Uganda, nikakulia jirani na shule zenye sifa, kwa hiyo majivuno ninayo ya kutosha.

Basi mwanzoni mwa muhula dada yangu, aliyeolewa Ariwara, upande wa Kongo, akaniletea binti yake. Msichana wa miaka kumi na mitatu, mrefu kunizidi, amemaliza mwaka wa tano wa shule ya msingi kwa Kifaransa. Shule yetu ina desturi yake: mtoto kutoka Kongo asiyejua Kiingereza hurudishwa nyuma, wala hakuna anayeuliza sana. Alipewa mtihani wa hesabu, namba tupu zisizohitaji lugha yoyote, na sehemu yote ya kugawanya akapata sifuri. Mwalimu wa hesabu, kijana aliyetoka Aroi, mcheshi asiye na roho mbaya, aliniambia kwa masikitiko kwamba mtoto hajui hata pa kuanzia. Wakampeleka darasa la tatu.

Iliniuma sana. Magoti yake hayakuenea chini ya dawati, ikabidi akae upandeupande, miguu nje. Watoto wa pale walimwita mama, wengine kwa utani, wengine nadhani kwa dhati, maana walikuwa wakimletea viatu awafungie kamba. Nyumbani hakulia. Alikula, akaosha vyombo, akalala.

"Mama mdogo, mimi narudi Ariwara," aliniambia jioni moja. "Nitauza mandazi na mama. Masomo hayako ya kichwa yangu."

Nilimbembeleza, nikamgombeza, nikambembeleza tena. Akampigia simu mama yake aje kumchukua. Nilijua akiondoka na moyo ule hatakanyaga tena darasani, si huku wala kule. Alikuwa ameshaamini kwamba yeye ni mjinga.

Dada alikuja Ijumaa asubuhi, boda ikamngoja getini. Tukaenda watatu ofisini kwa mwalimu mkuu kuaga. Hapo hasira ikanipanda, ulimi ukaniponyoka. Nikasema mtoto haondoki mpaka apewe hesabu moja ya kugawanya mbele yangu na mbele ya mama yake, nione kwa macho yangu huo ujinga unaosemwa.

Mwalimu mkuu ni mtoto wa mwanajeshi na hapendi maneno marefu. "Madam, mtoto iko ya mama, na mama anataka kuenda naye. Sasa shida iko wapi?"

"Shida iko kwa ubao," nilimjibu.

Alicheka, akainuka. Tukaingia darasa la tano, ambako kijana wa Aroi alikuwa akifundisha. Dada hakuingia, alisimama mlangoni. Mwalimu akafuta ubao, akamwandikia msichana: 7384 gawanya kwa 26. Watoto wote wakakodoa macho, maana walikuwa hawajawahi kuona mtu mrefu hivyo wa darasa la tatu.

Alishika chaki. Sisi Uganda tunaweka 26 mkono wa kushoto, tunaezeka paa juu ya 7384, na jibu linakaa juu ya paa. Yeye hakuezeka paa lolote. Alichora mstari wima mkono wa kulia, akaweka 26 ng'ambo ya mstari, na chini ya 7384 namba zikaanza kushuka: 218, kisha 104, kisha sifuri. Ile namba ya kutoa hakuiandika hata mara moja. Alikuwa anatoa kichwani, midomo ikichezacheza.

"Unaona, Madam?" mwalimu wa hesabu akaja nyuma nilikosimama, akaninong'oneza. "Njia hakuna, na huku juu jibu hakuna."

Lakini mimi mchoro ule niliufahamu. Baba yangu alisomea Kongo akiwa mkimbizi, enzi zile West Nile, eneo letu hili, ilipohama kuokoa roho, na mpaka uzeeni alikuwa akigawanya vilevile nyuma ya makaratasi, mstari wima, jibu kwenye kona. Nikasahau kwamba mimi ni mtu mzima na mwalimu. Niliruka kutoka nyuma ya darasa mpaka mbele, nikagonga ubao kwa kidole, chini ya ile 26. Pale palikuwa pameandikwa, kwa mwandiko mzuri kabisa, 284.

"Jibu ni hili hapa," nikasema. "Liko chini. Mlikuwa mnalitafuta juu."

Mwalimu mkuu akamwita msichana anayeongoza darasa aifanye kwa njia yetu. Naye akaezeka paa, akateremka ngazi moja moja, akaandika juu 284. Darasa likapiga madawati. Kijana wa Aroi alisisimka kuliko wote. Akaandika hesabu nyingine, na nyingine, zote zikatoka sawa, kisha akajaribu mwenyewe njia ya Kongo akakwama katikati, na watoto wakavunjika mbavu. Mpwa wangu akamsahihisha kwa kidole, bila neno. Kwa mara ya kwanza tangu aje Koboko nikamwona anacheka.

"Hesabu anajua," alisema mwalimu mkuu. "Lakini mitihani ya mwisho iko kwa Kingereza."

"Kiingereza nitampa mimi," nikasema. "Jioni, Jumamosi, na Jumapili tukitoka kanisani."

Alinitazama, akamtazama mtoto. "Basi abaki hapahapa. Asirudi kule kwa watoto."

Hapahapa, yaani darasa la tano! Ningekuwa na ngoma ningeipiga. Siku hizi sokoni wakiniuliza shule za nchi gani ni bora, sina tena jibu la haraka, na hilo linaniudhi, kwa sababu mimi napenda kushinda ubishi. Ila siku ile sikujali nani kashinda. Nilitoka mbio, nikamkumbatia dada pale mlangoni, nikamzungusha mpaka kitenge kikataka kumfunguka. Alicheka pamoja nami. Kisha akaacha kucheka kabla yangu.

"Mudogo yangu, mimi nafurahi," alisema akijifunga kitenge upya. "Kweli nafurahi. Lakini nilikuya nikijua narudi naye. Tangu alitoka, nyumba iko kimya sana. Hii siku zote nilikuwa naomba Mungu asimuzoeshe huku."

Nilikuwa nimempigania mtoto asubuhi nzima bila kumwuliza mama yake hata mara moja anataka nini. Nikamshika mkono, nikasema nitamwita binti atoke waagane vizuri. Tukachungulia dirishani. Alikuwa bado ubaoni, mgongo kwetu, watoto wamemzunguka, akiwaonyesha pa kuchora mstari.

"Usimuite," dada alisema.

Alimtazama kidogo tena, akaenda getini, akapanda boda peke yake.