Uvimbe Nilioupitishia Kitana

Nakumbuka mchana mmoja, mwanangu, nimejifungia chumbani hapa Bangwe, kando ya ziwa, nalichana titi langu la kushoto kwa kitana cha mbao nilichokipasha moto. Usicheke. Mama zetu walitufundisha kwamba maziwa yakiganda, dawa ni kitana. Nami nilikuwa na uvimbe kama punje ya mahindi, mgumu, na kwa kuwa hauumi niliudharau.

Mwaka ule watu walikuwa wakivuka kutoka Kongo kwa maboti, wanakimbia vita. Kwangu alifikia Mama Neema, muuguzi wa Uvira, na kitenge kimoja mwilini. Siku hiyo aliingia bila hodi kunirudishia beseni la dagaa, akanikuta.

"Dada, mtoto wako anasoma darasa la pili," akasema. "Hiyo maziwa inatoka wapi?"

Nikaropoka kwamba labda ni kijicho cha watu. Hakubishana nami. Alifungua kitenge chake. Upande wa kulia palikuwa tambarare, na kovu refu limelala pale. Nilistaajabu hata nikasahau kujifunika. Huyu ndiye niliyemwona kila asubuhi akianika dagaa mchangani huku anaimba.

"Mimi niliwahi," akasema. "Mdogo yangu aliona haya, tukamuzika."

Kesho yake alinishika mkono mpaka hospitali, wakanipima, wakakuta ni saratani. Nikapanda treni hadi Dar es Salaam, nikakatwa titi, na leo nina wajukuu saba. Alikuja kuniomba hifadhi, kumbe aliyehifadhiwa ni mimi.

Mwanangu, mficha maradhi kifo humuumbua. Ujue mwili wako. Ukiona uvimbe titini au kwapani, ngozi imebonyea, chuchu imeingia ndani au inatoa damu, nenda hospitali hata kama hakuna maumivu. Si kila uvimbe ni saratani, ila anayejua ni daktari. Na kama katika ukoo wenu yupo aliyeugua, mwambie daktari mapema. Pombe iache, mwili uushughulishe, usiache unene ukuzidi, na ukijaliwa mtoto, mnyonyeshe. Hayo hupunguza hatari, hayaiondoi. Mama Neema hakuwahi kuonja pombe.

Mungu akupe mikono isiyoona haya kujipapasa, na akuletee mgeni wa kuingia bila hodi.